Dola Zilizokataliwa Kinshasa

Aziza binti yangu, mama yangu,

Jana ulipokuwa unakunja nguo zako uliniuliza bila kuniangalia, "Mama, tonton Saidi alikukosea nini?" Nikasema pondu inaungua jikoni, nikatoka. Haikuwa inaungua. Nilisimama nyuma ya nyumba mpaka ukamaliza kufunga sanduku.

Sasa umekwenda Mangobo kuaga rafiki zako kabla ya ndege ya kesho ya Kinshasa. Umeme umekatika kama kawaida, lakini mwanga wa dirishani unatosha, na nitaandika mpaka uishe. Nakuandikia kwa Kiswahili cha baba yako, kile alichofundishwa kwao. Kile ninachosema sokoni, nusu Lingala nusu Kifaransa, kingenichekesha, na leo sitaki kucheka. Mambo ya chakula, ya baridi ya ndege, ya kutoshika simu ovyo barabarani, tantine Mwamini, mke wa Saidi, amekwambia mpaka umechoka. Mimi siyarudii. Mimi nataka ujue kwa nini nilimwangusha tonton wako, kaka ya baba yako, na kwa nini sijuti.

Baba yako Amisi alikuwa fundi wa motor za pirogi, mitumbwi ya mtoni. Nilimjua hivyo. Nilikuwa napandisha mchele na samaki wa kukauka kutoka kwetu Yanonge, motor ya baba yangu ikazimika karibu na bandari, na kijana mmoja akaruka ndani ya maji na suruali yake yote kuja kuivuta. Aliitengeneza mchana kutwa. Alipomaliza hakutaka kulipwa, akataka kujua nitarudi lini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kaka yake Saidi alikuwa na maneno ya watu wawili. Saidi alikuwa na depo ya saruji na mabati pale Makiso, gari, na kabati la chuma lenye funguo mbili. Katika familia ya baba yako hakuna jambo lililoamuliwa bila Saidi. Hata jina lako yeye ndiye aliyelitoa.

Ulipokuwa bado hujaanza shule, baba yako alianza kulalamika tumbo. Tulifikiri ni minyoo, kisha tukafikiri ni vidonda. Alipoacha kula hata lituma ya ndizi, yeye ambaye lituma ilikuwa furaha yake, nikajua. Daktari hapa alisema kuna uvimbe, upasuaji wake unafanyika Kinshasa, na usicheleweshwe. Kliniki ya Kinshasa ilitaka malipo ya kwanza kwa dola, taslimu, kabla mgonjwa hajapewa kitanda.

Niliuza motor ya baba yangu. Niliuza mchele wote uliokuwa ghalani. Watu wa msikiti walichanga, wa kwetu Yanonge walichanga, mafundi wa bandari walileta mfuko wa faranga wenye harufu ya mafuta. Faranga zilijaa beseni la kufulia. Ilibaki kuzigeuza dola. Nilitaka kwenda sokoni, kwa wale wanaokaa barabarani na meza zao za noti. Tonton wako akakataa.

"Semeki," aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita, mimi shemeji yake, "pesa ya mugonjwa haiende kwa batu ya barabara. Dola iko kwangu. Ikae ndani ya famille."

Nilishukuru. Nilimshika mikono miwili. Aliniuzia kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, hilo nililisikia baadaye, lakini hata ningelijua siku ile nisingesema kitu. Alifungua kabati lake, akatoa dola zimefungwa kwa mpira, akaniwekea juu ya meza. Nilihesabu. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Noti ya juu ilikuwa mpya, ya chini ilikuwa mpya. Zile za katikati nilizihesabu kwa ncha ya kidole, haraka haraka, kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale ananitazama, na niliona aibu. Ungeona aibu hata wewe. Mkubwa wa mume wako anakusaidia, wewe unainua noti moja moja kwenye jua kama polisi? Nilifunga mpira, nikaweka kifuani, nikasema Mungu akulipe.

Kinshasa, mwanamke wa kwenye kaunta alifungua mpira ule na kuanza kuzigawa noti mafungu mawili. Fungu la kushoto likawa linakua. Nikamwuliza kuna nini. Hakuwa mbaya, alikuwa amechoka tu. Alinionyesha. Hii imepasuka hapa pembeni, ona. Hii ni ya zamani, yenye kichwa kidogo, hatupokei. Hii mtu ameipiga muhuri wa wino. Hii imeoshwa na sabuni. Alinirudishia zaidi ya nusu. Nikamwambia ni dola halali, si za bandia. Akaniambia ni kweli, mama, ni halali, lakini hapa hakuna atakayezichukua.

Unajua mji wetu, unajua jinsi tunavyokataa dola kwa tundu la sindano. Siku ile mimi sikujua. Kwangu dola ilikuwa dola.

Baba yako alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, ameegemea ukuta, ameniwekea nafasi pembeni yake. Nilimwambia kuna karatasi inakosekana, narudi. Nikatoka barabarani na noti mbovu mkononi. Wapo vijana wanaozinunua, wanazijua wanakozipeleka, lakini wanakukata mpaka unabaki na mifupa. Nilizunguka nao, nikauza kidogo, nikakataa, nikarudi, nikauza tena kwa bei mbaya zaidi. Haikutosha. Nikampigia tonton wako. Akasema laini si nzuri, hanisikii, lakini nisiogope, anatuma. Nikapiga siku iliyofuata, akasema ametuma. Hakutuma. Kisha simu yake ikawa inaita tu.

Dada mmoja muuguzi alimhurumia baba yako, akampatia godoro la chini kando ya ukuta na dawa ya maumivu. Ndiyo tiba aliyoipata. Alikuwa ananiuliza karatasi imepatikana? Namwambia kesho. Mara ya mwisho hakuniuliza. Aliniambia nirudi nyumbani nikuangalie wewe, kwamba Saidi atatusaidia. Alikufa anamwamini. Sikumwambia, na hapo tu ndipo nilipomfanyia Saidi wema maishani mwangu.

Nilimzika Kinshasa kwa sababu mwili kusafiri ni pesa nyingi kuliko mtu aliye hai kusafiri. Nilirudi peke yangu. Na katika matanga, Aziza, mbele ya familia nzima, tonton wako alisimama na kanzu yake nyeupe akasema alifungua kabati lake kwa ajili ya ndugu yake, akatoa dola alizokuwa nazo, lakini Mungu ndiye mwenye kupanga. Wazee wakamwombea dua. Wanawake walikuja kuniambia nina bahati ya kuwa na shemeji kama yule. Nilikuwa nimekaa chini juu ya mkeka, wewe umelala mapajani mwangu. Ningesema nini? Nilihesabu mwenyewe. Hesabu ilikuwa sawa. Nilipomfuata baadaye pembeni na noti chache zilizobaki, alizitazama kwa mbali akasema nilizipokea mwenyewe, na labda watu wa Kinshasa walinibadilishia.

Siku ile niliamua. Watu husema hasira hupoa. Yangu sikuiacha ipoe, niliipa kazi.

Nilikwenda sokoni kwa Jolie. Yule unayemwita mama Jolie, mwenye sauti ya kiume. Alikuwa kambisti, mbadilisha pesa, mwanamke peke yake katika safu ile. Nikamwambia nifundishe pesa. Akaniuliza nina mtaji gani. Nikamtolea zile noti mbovu. Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Alinikalisha pembeni ya meza yake. Alinifundisha kupitisha ukucha kwenye kola ya koti la yule mzee wa kwenye noti, uhisi kama inakwaruza. Kuigeuza uone wino unabadilika rangi. Kuikunjua pembe zote nne, maana mpasuko wa noti unaanzia pembeni. Alinifundisha pia jambo ambalo ndilo kazi yenyewe: bei ya dola haikai kwenye ubao wetu wa chaki. Inakuja kwa simu. Asubuhi mtu wa Kinshasa anasema neno, mtu wa Bunia anasema neno jingine, na mpaka mnunuzi anafika mbele yako, wewe uwe umeshajua anachokuja kukigundua jioni.

Nilipopata meza yangu, wa kwanza kunifuata katika familia alikuwa nani? Saidi. Alisikia ninabadilisha vizuri. Alikuja na tabasamu, akasema afadhali faida ibaki kwetu. Nikamkaribisha kiti. Miaka yote uliyomwona akipita kwetu na biskuti zako na madaftari yako ya shule, ni miaka hiyo. Nilimpa bei ya haki kila siku. Sikumpunja hata faranga. Nilimchagulia noti safi. Jolie aliniuliza siku moja kwa nini mtu huyu namtunza hivyo wakati nyuma yake natema mate. Nikamwambia nataka aache kuhesabu akiwa kwangu. Na aliacha, Aziza. Ilifika wakati anatuma dereva na mfuko, anapokea kilichorudi, anafungia kabatini bila kukitazama. Alikuwa ananiamini kama mimi nilivyomwamini.

Ningeweza kumwekea noti mbovu. Nilifikiri sana juu ya hilo. Lakini angepoteza kiasi kidogo, angepiga kelele, na mimi ningeonekana mwizi. Sikutaka kumwibia. Nikangoja.

Halafu ukaja ule mwaka dola ilipoanguka. Wewe ulikuwa kidato cha mwisho, unakumbuka tu kwamba mama alikuwa sokoni mpaka giza. Tulikuwa tumezoea faranga ndiyo inayoanguka. Maisha yetu yote dola inapanda, hasa mwisho wa mwaka, na kila mwenye akili anakimbilia dola. Dola moja ilikuwa inakaribia faranga elfu tatu. Asubuhi moja simu ya Jolie ikalia, na mtu wake wa Kinshasa akamwambia auze alicho nacho, huko dola inateremka na haitasimama leo wala kesho. Jolie akanigeukia akaninong'oneza. Neno likapita meza hadi meza, safu nzima ikawa na dola za kuondoa mikononi na uso mkavu.

Jua halijawa kali, gari ya tonton wako ikasimama. Akashuka yeye mwenyewe na dereva, na mifuko ya faranga. Aliniambia kwa furaha kwamba amekopa kwa wafanyabiashara wenzake kununua mali ya sikukuu, wanamtaka awarudishie faranga hizo hizo baada ya mwezi. Akaona bora ageuze dola kwanza, dola ipande, anunue mali, alipe deni, na abaki na faida mara mbili.

"Semeki, taux ya dola iko namna gani leo?"

Nilimtazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Nikasema, "Iko ya jana."

"Unazo za kutosha?"

"Nitakutafutia."

Nilikusanya dola za safu nzima. Za Jolie, za vijana wa kona, zangu zote. Wenzangu walinipa kwa mikono miwili. Nilizikagua moja moja, Aziza, hakuna hata moja yenye kasoro. Alizipokea, akanipa mia tano ya faranga kwa ajili ya soda yako, akaondoka. Jolie akafunga faranga zake kwa mpira. Mwishowe akaniuliza kama yule ndiye. Nikamwambia ndiye.

Jioni bei ilikuwa imeshuka. Kesho yake ikashuka tena. Akanipigia simu. Nikamwambia dola huwa inacheza hivi, angoje. Akangoja. Juma lililofuata akapiga tena, sauti imebadilika. Nikamwambia angoje. Kila alipouliza nilimpa neno hilo moja, na kila nilipolisema nilikuwa namwona baba yako kwenye benchi lile akiulizia karatasi. Usifikiri nilikuwa na huzuni. Nilikuwa nakula vizuri. Nilikuwa nalala.

Mwezi ulipoisha dola ilikuwa elfu mbili na kidogo. Wenye faranga zao wakaenda depo. Yeye akaja kwangu, kwa miguu, na mfuko mweusi wa plastiki. Alitaka nimnunulie dola zake. Nikamwambia bei ya siku ile. Akasema, "Semeki, uniongezeeko kidogo. Mimi niko mutu yako."

Nilianza kukagua noti zake, polepole, kila moja pembe nne, mbele ya watu waliosimama. Ni noti zile zile nilizompa, nilijua ni safi, lakini nilizikagua. Nilipofika katikati nikamwuliza kama anakumbuka noti alizonipa kwa ajili ya Amisi.

"Noti gani?"

Hapo ndipo nilipotaka kuinuka nimpige. Miaka yote ile mimi nazibeba, na yeye anauliza noti gani. Nikamweleza. Sikupaza sauti. Nilimtajia kaunta, mafungu mawili, muhuri wa wino, sabuni, simu iliyoita bila kupokelewa. Jolie aliacha kuhesabu. Wanunuzi waliacha kununua. Tonton wako alitazama mfuko wake mweusi, na aliposema alisema chini sana.

"Zile zilikuwa zimenilalia ndani ya coffre, ile kabati ya chuma. Hapa hakuna mutu alizitaka. Nilifikiri Kinshasa batazikamata."

Kumbe alijua. Siku alipoufunga mpira ule, na noti mpya juu na chini, alijua. Nilikuwa nimejiambia mara nyingi kwamba labda hakujua, na mara hizo nilijiona mwanamke mbaya. Siku ile jambo hilo liliniondoka. Nikamwambia bei ni ya leo, achukue au aache. Akachukua.

Haikutosha deni. Depo ikaenda, gari ikaenda, kabati la chuma likabebwa na vijana wanne mchana kweupe na watoto wakilifuata. Sasa anakaa mlangoni kwenye depo ya mtu mwingine, anaandika mifuko inayotoka. Familia iliniita na kunihukumu. Walisema nilijua, nilipaswa kusema. Nikawaambia ndiyo, nilijua; habari ya noti za Kinshasa sikuwapa. Na wewe ulilia, ulisema tonton ndiye alikuwa kama baba yako, ukala kwa jirani siku nyingi. Nilikuacha ulie. Sikutaka kukunyang'anya mtu mwingine tena ukiwa bado mtoto. Sasa si mtoto.

Yupo mmoja tu ambaye namfikiria. Tantine Mwamini, mke wake. Yeye hakufunga mpira ule. Ndiyo maana kila mwezi gunia la mchele linakwenda kwao kwa mlango wa nyuma, na ameniahidi kwamba mumewe haambiwi linatoka wapi. Anakula mchele wangu na hajui. Hilo nalo linanipendeza, nikuambie ukweli.

Sikuambii usamehe, wala sikuambii ulipe kisasi. Kisasi kilinila miaka ambayo ningeweza kuolewa tena, kucheka, kurudi Yanonge kulima. Nilikitaka, nikakilipia, na ningekilipia tena. Lakini ninachojuta ni kile kidole changu kilichohesabu haraka. Adabu ndiyo ilinifunga mkono. Niliogopa kumvunjia mtu heshima, na baba yako akalala kwenye godoro la ukutani. Unakwenda Kinshasa, utakutana na watu wengi watakaokusaidia huku wamesimama wanakutazama. Wengi wao watakuwa wema kweli. Wewe angalia, hata mbele yao. Mwema hatakasirika.

Kaburi la baba yako liko huko. Nimekuchorea njia nyuma ya karatasi hii. Mji umebadilika, uliza. Mwambie karatasi ilipatikana.

Neno la mwisho, na hili nimelipata leo mchana. Tantine Mwamini alipita hapa akaniambia kwamba kesho tonton wako atakuja uwanja wa ndege wa Bangboka kukuaga. Amejinyima, amekopa, amekutafutia dola kidogo katika bahasha, na anaogopa nitamfukuza. Nilimwambia aje. Ni damu ya baba yako, na wewe unampenda, na hilo siwezi kulibadilisha kwa bei yoyote.

Msalimie kwa magoti kama nilivyokufundisha. Pokea bahasha kwa mikono miwili. Kisha, Aziza, usiiweke kwenye mkoba. Ifungue palepale, mbele yake, mbele ya wasafiri wote. Toa noti moja, inyooshe, inua kwenye jua, pembe zote nne. Kisha nyingine. Ndege itangoja. Usiseme neno, usitabasamu, usiharakishe. Ukimaliza zote, mwambie asante, tonton.

Mimi nitakuwa nimesimama kando ya ukuta. Wewe tazama noti. Mimi nitamtazama yeye.

Mama yako